Majina ya Vyombo Vinavyokufa: Uhakiki wa Istilahi za Runinga za Kumulika

Utangulizi

Wasomaji wa kurasa za namna hii wamezoea kukuta humo orodha za istilahi mpya: za benki, za kilimo, za elimu ya viumbe, na siku hizi za kompyuta na simu. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuna nia ya kuipunguzia heshima. Hata hivyo tuna shaka moja ambayo tumekuwa nayo kwa muda mrefu, na leo twapenda kuiweka mbele ya wasomaji ili ipimwe. Shaka yenyewe ni hii: waundaji wa istilahi hukimbilia kulipa jina jambo linalozaliwa, lakini hawana habari na jambo linalokufa. Chombo kikishapitwa na wakati hudhaniwa kuwa hakihitaji jina tena. Sisi twaona kwamba hapo ndipo kinapolihitaji zaidi, kwa sababu kisicho na jina hakiandikwi, kisichoandikwa hakitafutwi, na kisichotafutwa huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ili tusiseme hewani, tumechagua chombo kimoja tu kiwe mfano wetu. Nacho ni ile seti ya runinga ambayo haionyeshi picha juu ya tyubu yenyewe, bali huichukua picha kutoka katika tyubu ndogo, ikaikuza kwa vioo na lenzi, kisha ikaimulika juu ya kiwambo. Seti hizi zilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 60, na sasa hazitengenezwi tena. Huko Marekani na Ulaya wako watu wanaozitafuta katika maghala, vyumba vya chini na kumbi zilizofungwa, wakazichukua, wakazifufua. Kwetu nazo zilifika, ingawa si kwa wingi: katika kumbi, hoteli na nyumba za wenye uwezo. Kiswahili kimezipokeaje? Hilo ndilo swali letu.

Chombo chenyewe

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukijua kinachoitwa. Kwa hiyo tuanze na kazi ya chombo.

Tyubu ya picha ya kawaida ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote ndani. Hewa ya nje huielemea kila upande, na kadiri uso wake unavyopanuliwa ndivyo kioo chake kinavyopaswa kuwa kinene na kizito. Ukubwa wa chupa hiyo kwa hiyo una mpaka. Mwaka 1989 Sony walitoa tyubu yenye picha ya inchi 43, na seti nzima ilikuwa na uzito wa takriban kilo 200. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitangazwa habari ya seti moja ya aina hiyo iliyookolewa kutoka mkahawa wa tambi mjini Osaka na kusafirishwa hadi Marekani. Wapenzi wa vyombo vya kale waliifurahia mno, kwa kuwa wengi walikwisha kukata tamaa ya kuiona hata moja. Seti hiyo ni kilele cha njia moja. Aliyetaka picha kubwa kuliko hiyo hakuwa na budi kushika njia nyingine, yaani njia ya kumulika.

Njia hiyo ya pili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1947 kampuni ya RCA ya Marekani iliuza seti iliyoitwa 648PTK, yenye tyubu ya inchi 5 tu. Tyubu hiyo iliendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 25,000 ili ing'ae vya kutosha. Mwanga wake haukukusanywa kwa lenzi ya kawaida, kwani lenzi ingepoteza sehemu kubwa. Ulikusanywa kwa kioo cha mviringo pamoja na bamba la kusahihisha, utaratibu uliobuniwa na Bernhard Schmidt mwaka 1930 kwa ajili ya kupiga picha za nyota. Kisha picha ilipigwa kwenye kioo kilicholala mshazari, ikatokea nyuma ya kiwambo kilicho mbele ya mtazamaji. Philips wa Uholanzi nao walitumia tyubu ndogo zaidi, ya inchi 2 na nusu, kwa utaratibu huo huo wa Schmidt.

Kwa kumbi kubwa palikuwa na mtambo mwingine wa ajabu. Profesa Fritz Fischer wa Zurich, Uswisi, aliubuni mwaka 1939, na ukaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1943. Ndani yake utando mwembamba wa mafuta ulikunjwakunjwa na mwale wa elektroni, na taa yenye nguvu ikapita kwenye mikunjo hiyo hadi kiwamboni. Mtambo huo ndio uliowaonyesha waongoza safari za mwezini picha zao kubwa huko Houston. Uliitwa Eidophor, jina lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake “mbeba taswira”. Tutarudi kwenye jina hili.

Mapema katika miaka ya 1970 Henry Kloss wa Marekani, kwa kampuni yake ya Advent, alileta nyumbani runinga ya rangi ya kumulika, VideoBeam 1000. Ilikuwa na tyubu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila moja ilitoa picha yake, na picha tatu zikakutana juu ya kiwambo kilichopinda, cha futi 7 kutoka pembe hadi pembe, kilichosimama mbali na sanduku la tyubu. Baadaye wengi walirudi kwenye namna ya RCA, wakafungia tyubu tatu, lenzi, kioo na kiwambo katika kabati moja. Makabati hayo ndiyo yaliyoenea duniani katika miaka ya 1980 na 1990. Mitsubishi, waliokuwa wa mwisho miongoni mwa watengenezaji wakubwa, waliacha kutengeneza seti za kumulikwa kwa nyuma mwezi wa Desemba 2012.

Majina yaliyopo

Sasa tutazame Kiswahili kinaviitaje vyombo hivi. Tumesikia majina matatu, na kila moja lina kasoro yake.

La kwanza ni “TV kubwa” au “runinga kubwa”. Hili si jina, ni kipimo. Runinga bapa ya leo ni kubwa, ile seti ya Osaka ni kubwa, na kabati la tyubu tatu ni kubwa. Mtu akiambiwa “chukua runinga kubwa iliyo ghalani” hatajua aende na watu wawili au sita, wala hatajua kama achukue kitu kimoja au viwili. VideoBeam bila kiwambo chake ni nusu ya chombo. Mara ngapi sanduku limeokolewa, na kiwambo kikaachwa kwa kudhaniwa kuwa ni ubao uliopinda!

La pili ni “projekta”. Neno hili ni la watu, nasi hatulipingi. Katika vibanda umiza, ambamo vijana hukusanyika kutazama mpira na filamu, projekta yajulikana na kila mtu: ni kile kimashine kidogo kinachowekwa juu ya meza au kuning'inizwa darini, kikamulika kitambaa cheupe au ukuta. Lakini projekta hiyo haina habari na matangazo. Huonyesha chochote inacholetewa, kiwe kimetoka katika kompyuta, king'amuzi au simu. Kabati la RCA la mwaka 1947 ni runinga kamili: hupokea mawimbi, huchagua idhaa, hutoa sauti, na huzaa picha yake lenyewe. Kuliita projekta ni kama kuiita redio spika kwa kuwa ndani yake mna spika.

La tatu ni “chogo”. Hapa tunapenda kusita kidogo, kwa sababu neno hili ni zuri. Runinga bapa zilipoingia madukani, watu wa mitaani, pasipo kusubiri kikao chochote, walizitazama zile za zamani wakaona kwamba zimetokeza nyuma kama kichwa chenye chogo. Basi wakaziita “TV za chogo”. Jina hili lina sifa zote tunazozihubiri. Ni fupi, limetoka ndani ya lugha yenyewe, na linashika kiini cha chombo, maana lile chogo halikuwa pambo. Mwale wa elektroni huhitaji nafasi ili uweze kufagia uso mzima wa tyubu, na nafasi hiyo ndiyo chogo. Kama kamati ingekaa wiki nzima isingepata bora kuliko hilo.

Kasoro yaja pale muuzaji anapoingiza katika fungu hilo kila runinga isiyo bapa. Kabati la kumulika halina chogo. Tyubu zake ni fupi, zimelala chini, nalo ni nene kwa sababu ya kioo cha mshazari kinachoikunja njia ya mwanga. Kwa uzito wake kabati lina nafasi tupu nyingi ndani. Anayelinunua kwa mategemeo ya chogo, yaani kioo kingi na shaba nyingi, atalivunja, ataona amepunjika, na kilichobaki atakitupa.

Kutupa na kumulika

Panapokosekana jina, mfasiri huingiwa na tamaa ya kuligawa neno la Kiingereza vipande vipande, akavitafuta vipande hivyo kimoja kimoja. Neno la Kiingereza la kazi hii lina asili ya Kilatini, nalo maana yake ya awali ni kutupa mbele. Kwa njia hiyo mtu atafika kwenye “runinga ya kutupa picha”. Kwa karatasi yaonekana sawa. Lakini Waswahili hufupisha, na kesho yake itaitwa “runinga ya kutupa”. Hapana sikio la Kiswahili litakalosikia hapo jambo lingine ila runinga inayostahili jalala. Tungekuwa tumekipa chombo jina na hukumu ya kifo kwa pamoja.

Lugha yetu haina haja ya kutupa. Inalo neno “mulika”, ambalo kila mtoto aliyewahi kushika kurunzi analijua. Mulika ni kuelekeza mwanga juu ya kitu ili kionekane, na katika chombo hiki mwanga wenye picha huelekezwa juu ya kiwambo. Yako pia mambo mawili ndani ya kazi hiyo ambayo istilahi yatakiwa iyatenge. Yako makabati yanayomulika kiwambo kwa nyuma, mtazamaji akiwa upande wa pili, na iko mitambo inayomulika kwa mbele, kutoka upande ule ule alioketi mtazamaji. Kwa hiyo twapendekeza “runinga ya kumulika” liwe jina la jumla, na chini yake “runinga ya mmuliko wa nyuma” na “runinga ya mmuliko wa mbele”. Projekta ibaki kuwa projekta.

Tunakiri kwamba “mmuliko” waweza kusikika pia kwa maana ya kuangaza mahali kwa taa, na mwalimu wa fizikia ana haki ya kulalamika. Jibu letu ni kwamba neno “runinga” lililotangulia laondoa utata huo, kama vile “mkono wa saa” usivyomfanya mtu aogope saa isimpige.

Kioo, kioo na kioo

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, halimo katika jina la chombo bali katika majina ya viungo vyake. Neno “kioo” kwa Kiswahili hubeba mizigo mingi. Ni kile kitu kinachotengenezewa chupa na madirisha. Ni kile tunachojitazamia uso. Na siku hizi, kwa sababu ya simu, kioo ni uso wa mbele unaoonyesha picha. Katika simu hapana madhara, kwa kuwa kioo ni kimoja. Katika runinga ya mmuliko wa nyuma vioo vyote vitatu vimo: uso wa tyubu, kioo cha kuakisi kilicholala mshazari, na kiwambo cha mbele, ambacho hata si kioo bali aghalabu ni mabamba ya plastiki yenye mistari.

Tulipata kuona matokeo yake. Katika taasisi moja, ambayo hatutaitaja, palikuwa na kabati la mmuliko wa nyuma lililokaa ukumbini miaka mingi. Lilipofifia aliitwa fundi, naye akaacha karatasi iliyoandikwa, “Kioo kichafu, kisafishwe.” Alikusudia uso wa tyubu, ambapo maji ya kupoza yalikuwa yameota ukungu, jambo la kawaida kwa seti hizi. Aliyeisoma karatasi alifungua mgongo wa kabati, akakuta kioo kikubwa kina vumbi, akakisugua kwa kitambaa na sabuni ya unga. Sasa, kioo cha ndani ya runinga hizi si kama kile cha kinyozi. Utando wake wa kuakisi uko juu, mbele ya kioo, wala haukukingwa kwa nyuma, ili picha isije ikawa na kivuli chake. Ukisuguliwa, umekwisha. Picha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Katika leja ya vifaa paliandikwa, “TV kubwa, 1, mbovu,” na kamati ya kufuta vifaa chakavu ikalifuta. Tulipofika kuliuliza tuliambiwa limekwisha kuuzwa kwa uzito. Kile kioo tulikiona baadaye kwenye banda la kinyozi karibu na hapo, kimetundikwa, kina mikwaruzo, na wateja wakilalamika kwamba hakionyeshi vizuri.

Hatumlaumu fundi, wala msafishaji, wala kamati. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa neno alilokuwa nalo. Tunailaumu lugha yetu ya kiufundi, na kwa hakika tunajilaumu sisi tunaodai kuitunza.

Dawa yake si ngumu. “Kiwambo” ni neno kongwe. Latokana na kuwamba, yaani kutandaza ngozi au nguo na kuikaza, kama ngozi ya ngoma, na limekwisha kuzoewa kwa kitambaa cha sinema. Litumike kwa uso wa mbele unaopokea picha. “Kioo cha kuakisi” litumike kwa kile cha mshazari, na “uso wa tyubu” kwa pale picha inapozaliwa. “Kioo” peke yake kisiandikwe katika karatasi yoyote ya matengenezo. Laiti maneno hayo matatu yangekuwamo katika ile karatasi ya fundi, huenda kabati lingekuwapo leo.

Fosforasi isiyo fosforasi

Ndani ya uso wa tyubu umepakwa unga ambao hung'aa unapopigwa na elektroni. Tumeona unga huo ukiitwa “fosforasi”. Hapa aliyetafsiri amedanganywa na mfanano wa sauti. Fosforasi ni elementi, nayo kwa umbo lake jeupe ni sumu kali na huwaka yenyewe hewani. Unga wa tyubu ni kitu kingine. Maneno hayo mawili yana asili moja ya Kigiriki, “mleta nuru”, lakini undugu wa maneno si undugu wa vitu.

Kosa hili lina madhara ya pande mbili. Aliyesoma kemia kidogo ataogopa kuigusa tyubu kwa sababu isiyo ya kweli. Na kwa kuwa ameonywa juu ya hatari isiyokuwapo, yaelekea asionywe juu ya zilizopo: ya kwanza, umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki ndani ya seti hata baada ya kuchomolewa, ya pili, utupu wa ndani ya tyubu, ambayo ikivunjika hubomoka kuelekea ndani na kurusha vipande, ya tatu, risasi iliyomo katika kioo cha tyubu nyingi, ambayo haifai kuachwa jalalani. Twapendekeza uitwe “unga mng'aro”. Atakayepata lililo bora na alilete.

Mifano ya watu kuliko vitabu

Tusidhaniwe kwamba tunatafuta makosa tu. Lugha ya watu ina hazina ambayo orodha zetu hazijaichota. Chukua ugonjwa mmoja wa tyubu za zamani. Baadhi ya tyubu za chogo za miaka ya 1960 na 1970 zilibandikwa kioo cha pili cha usalama mbele ya uso wake kwa gundi. Gundi hiyo ikichakaa hufanya madoa meupe kuanzia pembeni, na polepole picha huzibwa. Wakusanyaji wa nchi zinazosema Kiingereza huuita ugonjwa huo kwa jina la ugonjwa wa macho. Kwa Kiswahili jina hilo li tayari: ni “mtoto wa jicho”. Mfasiri hana la kufanya ila kuliazima kwa tabibu na kumkabidhi fundi.

Chukua pia kazi ya kuzileta pamoja picha tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, hata ziwe picha moja. Zikiachana hata kidogo, kila mstari mweupe hugeuka mistari mitatu ya rangi. Hii ndiyo kazi inayomchosha mfufuaji wa runinga za kumulika kuliko zote, na huweza kumchukua siku nzima. Wako wanaotaka kuiita kwa neno la Kiingereza lililovishwa irabu mwishoni. Sisi twauliza: kuoanisha kuna ubaya gani? Rangi zikiachana hazikuoana, zikikutana zimeoana. “Mwoano wa rangi” lamweleza hata asiyepata kuiona seti hiyo.

Na hapa twarudi kwa Eidophor. Wale Waswisi walipotaka kuupa mtambo wao jina walikwenda kwa Kigiriki, wakakuta maneno mawili ya kawaida kabisa, wakayaunga. Mgiriki wa kale angelisikia jina hilo angeelewa: mbeba taswira. Sisi tukilipokea kwa kulivisha irabu tu, “eidofori”, tunapokea sauti pasipo maana. Jina la mtambo ule libaki kama walivyoliandika wenyewe, kwani ni jina la biashara. Lakini somo lake tulichukue: hata wataalamu wakubwa hurudi kwenye maneno ya kubeba, kutazama na kung'aa. Nasi tulifanya hivyo tulipochukua “ngeli” kwa Wahaya na “ikulu” kwa Wanyamwezi.

Kuukuu, chakavu na ya kale

Lipo fungu jingine la maneno lenye uzito kuliko majina ya viungo, nalo ni la maneno yanayotaja umri. Chombo cha zamani twaweza kukiita “chakavu”, “kuukuu”, “cha zamani” au “cha kale”. Kamusi huyaweka maneno haya jirani, lakini katika matendo hayako jirani hata kidogo. “Chakavu” hutamka hali, na katika maandishi ya serikali na mashirika hutamka pia hatima: kilichoandikwa chakavu hufutwa. “Ya kale” hutamka heshima: twasema mambo ya kale, miji ya kale. “Kuukuu” limedharauliwa bure. Wahenga walisema, “Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa,” yaani kamba iliyochakaa yaweza kushinda nguvu ukambaa mpya. Methali hiyo ingefaa kuandikwa mlangoni pa kila ghala.

Runinga ya mwaka 1947 na kabati la mwaka 1995 yote ni ya zamani, lakini aliyeandika yote “chakavu” ameyafanya sawa. Twapendekeza leja zitenge mambo mawili: hali ya chombo, kizima au kibovu, na thamani yake ya kihistoria. Chombo chaweza kuwa kibovu na cha kale. Kibovu hurekebishwa. Cha kale hakipatikani tena.

Hapo ndipo linapokuja tofauti la kazi ya wanaoviokoa. Kiswahili husema “kukarabati” kwa kila kitu, kuanzia barabara hadi saa. Lakini aliyepata RCA ya mwaka 1947 ana njia mbili. Aweza kuifanya iwake tena kwa vipuri vyovyote, ikiwezekana hata kwa kuweka projekta ya kisasa ndani ya kabati lake. Au aweza kuirudisha ilivyokuwa: akaacha tyubu yake, akabadilisha zile kapasita za karatasi na nta zilizooza, na kuficha mpya ndani ya maganda ya zamani, asiunganishe umeme wote kwa ghafla bali aupandishe kidogo kidogo. Kazi ya kwanza twaona iitwe “ukarabati”, na ya pili “urejeshaji”. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Tyubu hizi hazitengenezwi tena popote. Kiwanda cha mwisho cha kufufua tyubu huko Marekani kilifungwa mwaka 2010, na kingine cha Ufaransa mwaka 2013. Ndiyo maana Makumbusho ya Runinga za Awali yaliyoko Hilliard, Ohio, ambayo yana seti za kumulika za miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, yathaminiwa sana na wakusanyaji. Aliyeng'oa tyubu ya kale kwa jina la ukarabati amefanya jambo lisilorudi.

Hoja za wapinzani

Tunajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: Kiswahili kina mahitaji mengi, ya nini kupoteza muda kwa makabati ya Marekani? Jibu letu ni kwamba historia ya runinga si ya Marekani peke yake. Kenya ilianza kutangaza kwa runinga mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa nayo. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Katika safari hiyo vimepita vyombo vya kila namna, na mafundi waliovifungua na kuvifunga wangali hai, ingawa wanazeeka. Maneno yao, kama lile la chogo, yamo vinywani mwao tu. Wakiondoka bila kuulizwa, tutabaki tukiyatafuta maneno hayo katika vitabu vya Kiingereza.

Wa pili atasema: watu wataendelea kusema “TV kubwa”, na mapendekezo haya yatabaki karatasini. Huenda. Lakini hatuwaandikii wapita njia. Tunawaandikia watunza leja, watunza makumbusho, walimu wa ufundi na waandishi wa kamusi, ambao neno lao moja huamua kitu kibaki au kiondoke.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twaomba mambo manne yafikiriwe. Kwanza, istilahi “runinga ya kumulika”, pamoja na mmuliko wake wa mbele na wa nyuma, itengwe na “projekta”. Pili, neno “kioo” lisimame peke yake tu pale lisipoweza kuleta utata, na “kiwambo”, “kioo cha kuakisi” na “uso wa tyubu” yashike nafasi zake. Tatu, “fosforasi” iachiwe wanakemia. Nne, na hili ndilo kubwa, kila orodha ya istilahi za vyombo vipya ifuatwe na orodha ya vyombo vilivyoondolewa na vipya hivyo, ikikusanywa kwa mafundi wenyewe, kwa maneno yao wenyewe, kabla hayajapotea.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa yule kinyozi kile kioo kingali ukutani. Tulipomweleza kilikotoka alicheka, akauliza chombo hicho kilikuwa kinaitwaje. Tulichelewa kumjibu.